Mama Atoka Eda: Kutoka Lisekese hadi Ukingo wa Newala

Mgeni aingiaye Masasi kwa mara ya kwanza huuliza habari za miamba kabla hajauliza habari za watu. Miamba yenyewe inastahiki kuulizwa. Imesimama mmoja mmoja katikati ya nchi tambarare, mirefu, yenye vichwa vitupu na kijani miguuni, kana kwamba imeteremshwa usiku mmoja watu wakiwa wamelala. Wenye elimu ya miamba husema kinyume chake: hakuna kilichoteremshwa, bali ardhi iliyokuwa pembeni ndiyo iliyoliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu mno, na mwamba ukabaki kwa sababu ya ugumu wake. Sisi tuishio Lisekese tumeizoea kiasi cha kutoiona. Chuoni, tulipofika katika tafsiri ya Suratul-Ghashiya, mahali ambapo mwanadamu anaelekezwa kuitafakari milima na namna ilivyosimamishwa, wenzangu wa pwani walinitania kuwa somo lile mimi sina haja nalo, nimezaliwa chini ya somo lenyewe.

Vitabu vya historia huitaja Masasi kwa misheni iliyoanzishwa hapa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, aliyefika na kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Kanisa lao kuu lipo Mtandi hadi leo na kila mpita njia huoneshwa. Habari za Uislamu wa huku hazina jengo kubwa la kuoneshwa. Uliingia kwa miguu. Uliingia na wafanyabiashara wa Kiyao waliokuwa wakishuka pwani na kurudi, na baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 ukaenea zaidi kwa mikono ya wanavijiji wenyewe, waliokwenda Lindi, Mikindani au Kilwa kwa shughuli zao wakarejea na juzuu, na kusimamisha msikiti wa udongo ulioezekwa kwa nyasi. Hawakuwa na aliyewatuma, wala mfuko wa kuwalipa. Dini yetu huku ililetwa na safari za watu wa kawaida, na huenda ndiyo sababu wazee wetu hawakuidharau safari hata iwe fupi kiasi gani.

Safari ninayoisimulia hapa ilikuwa fupi kweli. Ilianza baada ya swala ya Alfajiri na kumalizika kabla ya Isha. Hatukuipanga, wala hatukuwa na fedha ya kuipangia.

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alifariki dunia katika siku za mwanzo za Rajabu mwaka 1445, yaani Januari 2024, baada ya kuugua miezi saba. Aliacha mjane, watoto wanne, nyumba, shamba la mikorosho themanini, na deni la shilingi 2,300,000. Deni hilo halikuwa la anasa. Lilikuwa la dawa, la nauli za kwenda na kurudi hospitali, na la chakula cha nyumba wakati mwenye nyumba yuko kitandani. Waliotukopesha walikuwa wawili, mmoja mwenye duka mjini na mwingine jirani yetu, na wote wawili walikuja mazikoni wakasema tusiwe na haraka. Allah awalipe kheri. Lakini kila mwenye kusoma kidogo anajua kwamba huruma ya mdai haimwondolei marehemu mzigo. Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kuwa nafsi ya muumini inabaki imetundikwa kwa ajili ya deni lake mpaka lilipwe, na Qur'ani katika Suratun-Nisaa imeweka deni na wasia mbele ya mgao wa mirathi. Maana yake ni kwamba mrithi hana cha kukigawa kabla mdai hajapata chake.

Kwa maneno hakuna aliyepinga. Ugumu ulikuja katika namna ya kulipa. Kaka yangu mkubwa, aishiye Dar es Salaam, aliona tungoje mwezi wa Oktoba, korosho ziokotwe, zipelekwe ghalani, na minada ifunguliwe. Hesabu yake haikuwa ya mtu mvivu: kuuza mikorosho mwezi wa tano, alisema, ni kuigawa bure. Mimi niliona tuuze sehemu ya shamba tumalize. Akatokea na mtu wa tatu, si wa ukoo wetu, aliyekuja jioni moja na fedha mkononi. Alitaka kutupa fedha ile siku ile ile, nasi tumlipe kwa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake yeye. Wakazi wa mikoa ya kusini wanaijua biashara hii kwa jina la kangomba, na serikali imeipiga marufuku. Hata isingepigwa marufuku, fiqhi haimruhusu mtu kuuza matunda ya shamba maalumu kabla hayajaonekana mtini na kuaminika kuwa yatakomaa. Nilimwambia hivyo. Aliniambia kwamba elimu yangu haiwashi jiko. Nakiri jibu lake lilikuwa kali kuliko langu, na kwamba jioni ile jiko letu kweli halikuwa limewashwa.

Wakati haya yakiendelea, mama alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi si muda mfupi kwa mwanamke aliyezoea kwenda shambani na kuketi na wenzake penye kivuli. Ramadhani ilimkuta humo na Idd ikampita humo, bila manukato, bila nguo ya rangi. Mwanzoni mwa mwezi Mei kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu ya kusini na barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa kwa mvua, hata kaka, aliyekuwa ameahidi kuja tulimalize jambo la shamba, akashindwa kusafiri. Mama alisikiliza yote kupitia ukuta. Alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa thumuni ya mali baada ya deni ni yake kwa hukumu ya Allah, lakini hakusema.

Eda iliisha siku ya Alhamisi, katikati ya Mfungo Pili. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo hili linahusu nyumba nyingi. Sharia imeweka mwisho wa maombolezo kama ilivyoweka mwanzo wake. Siku zikitimia, mjane anaruhusiwa kutoka, kusafiri na mahramu wake, kujipamba kwa namna inayokubalika, na kuposwa akitaka. Ila katika mitaa yetu siku zikitimia huanza eda ya pili, isiyoandikwa katika kitabu chochote, ambayo mwisho wake uko mikononi mwa majirani. Akionekana kituo cha basi, wataulizana anakwenda wapi. Akicheka, wataulizana amefurahia nini. Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti nimeletewa malalamiko ya aina hiyo zaidi ya mara moja, na yaliyoniletea malalamiko ni midomo ya watu waswalihina wasiokosa swala. Wanachotaka ni kumheshimu marehemu. Wanamheshimu kwa kumwongezea mjane mzigo ambao Mola wake ameshamwondolea.

Jumamosi, baada ya Alfajiri, nilimkuta mama amekaa barazani na kanga mpya ya kijani, ile aliyoletewa na binti yake siku ya Idd ikakaa kabatini. Nilimwamkia. Akaitika, kisha akauliza, "Baba, ile gari ya jirani inakwenda Newala leo?"

Nikamwambia nimesikia hivyo. Jirani yetu ana gari aina ya Noah, na siku ile alikuwa anakwenda Newala kuchukua mzigo, gari likiwa tupu kwa kwenda.

"Basi waamshe watoto," akasema. "Nataka nikamwone kaka yangu. Na kabla ya kumwona kaka yangu, au baada yake, nataka nisimame pale ukingoni."

Mke wangu alikuwa amekwisha kusikia. Nilipoingia ndani alikuwa anafunga mihogo ya kuchemsha na karanga katika kitambaa, akaniambia nikamsimamishe jirani asije akaondoka. Jirani alikubali kwa sharti la kuchangia mafuta. Saa moja asubuhi tulikuwa njiani, watu wazima watatu na watoto watatu, na mwanangu wa mwisho amepakatwa na bibi yake, akimpapasa kanga kama mtu anayemtambua upya.

Kutoka Masasi hadi Newala hakufiki kilomita 80. Nilikuwa na sababu ya kulitaja hilo mapema, kwa kuwa mwanangu mkubwa, mwenye miaka kumi na ambaye amefundishwa mlango wa swala ya msafiri madrasa, aliniuliza kabla hatujapoteza miamba machoni kama tutapunguza Adhuhuri. Nikamjibu kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii msafiri hupunguza afikiapo umbali wa marhala mbili, na wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Sisi hatufiki huko, kwa hiyo tutaswali rakaa nne, kila swala kwa wakati wake. Alinyamaza, kisha akarudi na swali ambalo sikulitarajia: "Kama sisi si wasafiri wa kupunguza swala, dua yetu je, ni dua ya msafiri?"

Dereva alicheka hadi akapunguza mwendo. Swali lilikuwa la haki. Dua ya msafiri imo katika zile tatu ambazo Mtume (S.A.W.) amezitaja kuwa hazirudishwi, pamoja na ya aliyedhulumiwa na ya mzazi kwa mwanawe. Nilimjibu kuwa kilomita zimewekwa na mafakihi kwa ajili ya ruhusa ya kupunguza swala, kwa sababu ruhusa inahitaji mpaka ulio wazi, lakini sikuwahi kuona mahali ambapo rehema imepimwa kwa kilomita. Mama akaingilia kati kutoka kiti cha nyuma: "Na wakikukataa kwa usafiri, mimi nimo kwa uzazi. Niachie mimi."

Barabara ile watu walikuwa wameisubiria lami kwa miaka mingi. Wakati wa jua ilikuwa vumbi na wakati wa mvua ilikuwa tope, na siku ile, mvua zikiwa zimeondoka karibuni, ilikuwa na vyote viwili. Pande zote ni mikorosho. Mwezi wa tano mti wa korosho hauna cha kumwonesha mpita njia, hauna ua wala tunda, ni kivuli kizito tu kilichoinamia chini. Baba alikuwa akisema kuwa mkorosho ni mti wa mwenye subira kwa kuwa humtaka mtu aulime, aupalilie na aupulizie salfa miezi ya kiangazi, na humjibu mwishoni mwa mwaka tu. Tulipita vijiji, mihogo, mbaazi, watoto wenye madumu ya maji kichwani. Kisha nchi ikaanza kusimama mbele yetu kama ukuta.

Uwanda wa juu wa Makonde ukiutazama kutoka upande wa Masasi ni mstari mmoja mrefu wa bluu. Ukiukaribia unakuwa kijani, kisha njia inapinda na kupanda. Wapandapo, Masahaba walikuwa wakileta takbira, na washukapo mabondeni wakileta tasbihi, habari hiyo imepokewa kwa Jabir (R.A.), nayo haina sharti la kilomita. Nikawaambia watoto. Kuanzia kona ya kwanza gari lilijaa "Allahu Akbar" za sauti tatu ndogo, kila kona na takbira yake, hata dereva akawa anaitikia. Mama hakuitikia kwa sauti. Alikuwa ameliweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha na midomo yake ikitembea. Nilimtazama kupitia kioo cha mbele nikaona kwa mara ya kwanza tangu Rajabu kwamba anatazama kitu kilicho mbali.

Watu wengi hushangaa kwa nini Wamakonde walikwenda kuishi juu kule. Uwanda una ardhi ya mchanga inayokunywa mvua yote, hauna mito, na maji yapo chini kwenye miteremko na mabondeni. Jibu la historia ni hofu. Karne ya kumi na tisa ilikuwa karne ya mateka: misafara ya watumwa iliyokwenda pwani, na uvamizi wa Wangoni kutoka magharibi. Aliyekaa juu, ndani ya vichaka vizito, aliuza maji akanunua usalama. Gharama ile ililipwa na wanawake. Ndio walioshuka na mitungi alfajiri na kupanda nayo jua likiwa limewaka, na kwa vijiji vya mbali kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya siku. Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu, na mabomba yakaleta nafuu, ingawa si kila kijiji na si kila siku.

Mama ni wa huko. Alizaliwa katika kijiji karibu na Newala, na utoto wake ulikuwa wa mtungi. Kwenye kona moja alimgusa mkwewe bega akamwonesha njia nyembamba iliyoshuka kati ya vichaka. "Kama hiyo," alisema. "Nenda mtupu, rudi umejaa. Ukijikwaa karibu na nyumbani, unarudi chini tena, na hakuna wa kukuhurumia maana kila mtu ana wake kichwani." Mke wangu, ambaye amezaliwa mjini penye bomba, aliuliza walikuwa wanafanya nini wakichoka. Mama akasema walikuwa wanatua mtungi na kukaa kidogo, kwa zamu, mmoja akiwashikia wengine. "Mtu asiyetua mtungi ndiye anayeuvunja."

Alisema hivyo kuhusu mitungi, hakuongeza neno, wala mimi sikumwongezea.

Newala ina baridi. Mwezi wa tano upepo wa kusi unapita juu ya mji bila kizuizi, na sisi watu wa chini tulionekana dhahiri kuwa ni wageni kwa kukosa masweta. Mjomba alitupokea kwa namna ya wazee wa huko, yaani bila mshangao wowote, kana kwamba alikuwa ametuandalia mkeka tangu jana. Alimtazama dada yake, akaitazama kanga ya kijani, akasema, "Umetoka." Mama akajibu, "Nimetoka." Kisha wakalia wote wawili, kwa muda mfupi, kama watu wanaomaliza kazi waliyoianza mazikoni.

Kwa desturi ya makabila yetu ya kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika mambo ya nyumba. Uislamu ulipokuja na hesabu ya mirathi iliyo katika Kitabu, desturi hizi mbili zilikutana, na mpaka leo katika familia nyingi hazijamaliza mazungumzo yao. Ninawajua watu wanaofunga Ramadhani yote na Sita ya Shawwali, na bado wakamnyima binti urithi kwa jina la mila, na wengine wakamnyima mjane. Nilikuwa na wasiwasi na mjomba. Ana miaka sabini na zaidi, ameshika mila, na tulikuwa tunataka kuzungumzia shamba.

Kabla ya mazungumzo tulikwenda kuswali Adhuhuri msikitini, rakaa nne kama nilivyomwahidi mwanangu. Tuliporudi, mama mkubwa alikuwa ameandaa ugali wa muhogo na kunde, na sahani ya ming'oko iliyochemshwa na pilipili na chumvi pembeni. Watoto wa Masasi hawahitaji kuelezwa ming'oko ni nini. Msomaji wa mbali ajue kuwa ni mizizi myembamba ya porini, tamu kwa namna yake, ambayo huwezi kuila kwa haraka. Chakula kile kinamlazimisha mtu akae. Ndipo mjomba akauliza deni ni kiasi gani.

Nilimtajia. Nikamweleza rai ya kaka, rai yangu, na habari za mtu wa kangomba. Alisikiliza akimenya ming'oko. Mwisho akasema kwamba yeye kwa mila ana neno juu ya dada yake na wana wa dada yake, lakini shamba lile lilipandwa na shemeji yake kwa jasho lake, na deni ni la shemeji yake, kwa hiyo asiulizwe yeye, aulizwe mwenye thumuni. Kisha akatusindikiza Shimo la Mungu.

Kutoka mjini si mbali. Nyumba zinakwisha, mikorosho inakwisha, na ghafla nchi nayo inakwisha. Mbele yako hakuna kitu ila hewa. Chini sana, bonde la mto Ruvuma limelala kwa upana ambao jicho haliumalizi, misitu ikionekana kama ukoka, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, vilima nyuma ya vilima mpaka mbingu inapoinama. Wapo wasiolipenda jina la mahali pale, wakaona halifai kunasibishwa na Mwenyezi Mungu. Mjomba alisema maana yake kwa wazee ni nyepesi: shimo ambalo mwanadamu hawezi kulichimba wala kulifukia. Kwa maana hiyo sioni ubaya. Ila nawaonya wenye watoto kuwashika mikono, na kina mama kuzifunga shungi zao vizuri, kwa kuwa upepo wa pale haumstahi mtu.

Tuliswali Alasiri palepale, kwenye majani, mjomba akituongoza, wanawake nyuma yetu. Sijawahi kusujudu mahali ambapo ardhi inaonekana kuwa ndogo namna ile. Baada ya salamu na adhkari hakuna aliyenyanyuka. Mama aliinua mikono, nasi tukainua. Alianza kwa Kimakonde, lugha ambayo mimi naisikia kuliko ninavyoisema, na ndani yake nikasikia jina la baba, majina yetu wanne mmoja baada ya mwingine, jina la mkewe kaka, jina la mke wangu, wajukuu wote. Aliwaombea wadai wetu wawili kabla ya kujiombea yeye. Akawaombea na watu wa ng'ambo, wa Cabo Delgado, ambako Wamakonde wenzake wapo na ambako tangu mwaka 2017 maelfu kwa maelfu wamekuwa wakikimbia makazi yao. Nilifikiri tumekwenda pale kumtuliza mjane. Kumbe mjane alikuwa na orodha ndefu ya watu wa kuwatuliza.

Alipopangusa uso hakugeuka. Akiwa bado anatazama bonde akasema, kwa Kiswahili ili wote tusikie, "Baba yenu asingojee minada."

Hakuna aliyejibu.

"Kaka yako ana hesabu nzuri," akaendelea, sasa akinitazama mimi. "Oktoba tutapata fedha nyingi zaidi. Mungu akipenda, tutapata. Lakini hiyo ni hesabu ya walio hai. Mimi miezi minne nimelala nikimuota amesimama mlangoni na mtungi kichwani, haingii, hatui. Uzeni mikorosho ya upande wa barabara, ile thelathini. Mtueni."

Ndoto si hoja katika fiqhi na mama anajua hivyo, maana nilishamsomea mwenyewe kitabu kinachosema hivyo. Lakini hukumu aliyoifikia kwa ndoto ndiyo iliyomo kitabuni, na sikuona sababu ya kumsahihishia njia aliyoipita. Mjomba alisema "Amin" ingawa haikuwa dua. Mwanangu mdogo alikuwa amekwisha lala juu ya mkeka, amefunikwa na ncha ya kanga ya kijani.

Tuliondoka Newala mzigo wa jirani ukiwa umejaa nyuma na sisi tumebanana mbele. Kwenye mteremko watoto walikumbuka zamu ya tasbihi. Safari hii sauti zilikuwa nne, kwa kuwa mama alikuwa anaziongoza, na palipokuwa na kona kali alizirefusha. Jua lilizama nyuma ya miamba ya Masasi tukiwa bado tunaikaribia. Tulisimama kijijini, tukaswali Magharibi katika msikiti mdogo wenye kisima uani, na mzee mmoja wa pale aliyemtambua mama alimpa mkono wa rambirambi na wa pongezi kwa pamoja.

Usiku ule nilimpigia kaka simu. Nilitegemea mabishano. Nilimweleza maneno ya mama kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza mikorosho ya upande wa barabara ni mingapi hasa, na kama mnunuzi wake atakubali tuandikiane mbele ya mashahidi.

Mnunuzi alikuwa mkulima mwenzetu wa Lisekese, na bei aliyotoa ilikuwa ya mwezi wa tano kweli, si ya Oktoba. Ilitosha deni na ikabaki shilingi 150,000. Jumatano iliyofuata, baada ya Alasiri, wadai wote wawili walikaa barazani kwetu, wakahesabu, wakaandika kwa mikono yao kuwa hawamdai marehemu chochote. Jirani alirudisha shilingi 50,000 katika haki yake akasema ni sadaka kwa ajili ya baba. Mama alizikunja karatasi zile mbili, akaziweka kabatini mahali ilipokuwa kanga. Mikorosho hamsini iliyobaki tulianza kuipulizia salfa mwezi wa Juni.